Mwaka Nilipomwonea Wivu Odeta

Nilifika Ujiji kwenye khitma ya arobaini ya Mzee Sudi saa nne asubuhi, nikiwa na kilo kumi za sukari na moyo uliokwisha kulia. Uani pilau lilikuwa linapakuliwa, na mkekani, katikati ya mabinti wa marehemu, alikuwa amekaa Odeta. Amejitanda khanga kama wao, na kila mwanamke aliyeingia alimpa pole kama alivyowapa wao. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kalemie siku mbili kabla. Mimi niliyelala ndani ya nyumba ile mwaka mzima, niliyekula sahani moja na marehemu, nilielekezwa kwenye viti vya plastiki nje, pamoja na majirani na mwenyekiti wa mtaa. Kichwa changu chote ni mvi, nina wajukuu wawili, lakini nilipomwona pale mkekani kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani hakikuwa huzuni wala furaha ya kuonana. Kilikuwa kijicho, kile kile cha zamani, na wala hakikuwa kimezeeka. Nilijisemea: hata msiba wamempa yeye.

Inabidi nieleze mwaka ule. Ulikuwa mwaka ambao Wakongo walikuwa wanavuka ziwa kila siku wakikimbia vita, na mwalo, ufuko wanakotua wavuvi na maboti yao, ulikuwa unaamka ukawakuta watu wamelala mchangani na magodoro yao, kuku wao na cherehani zao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Mwandiga na cheti cha umeme wa majumbani, cheti nilichokitia kwenye fremu na kukitundika chumbani kwangu juu ya kitanda, kana kwamba kuna mtu mwingine angeingia kukisoma. Chumba chenyewe kilikuwa cha uani kwa Mzee Sudi, chenye dirisha la mbao na kuta za tope zisizofika darini, kama nyumba nyingi za Ujiji, kwa hiyo ukipiga chafya jirani anakuombea heri. Mzee Sudi alikuwa mvuvi wa dagaa, mfupi, mkali, mwenye kukohoa kwanza ndipo atukane. Alikuwa amepata boti kuukuu la mbao, na akaapa kwamba halitavua kwa karabai kama maboti mengine. Litavua kwa taa za umeme: taa nne za kuwavuta dagaa, nyekundu na kijani puani, nyeupe juu ya mlingoti, na betri la lori likijazwa na dinamo ya injini. "Na fundi ninaye ndani ya nyumba," aliwaambia watu barazani, akinionyesha kwa kidevu. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko kile.

Nilichora ramani ya nyaya kwa siku tatu. Nilitumia karatasi ya miraba, rula na kalamu za rangi mbili, na nikaweka kila kitu nilichofundishwa: sanduku la fyuzi, swichi, mistari iliyonyooka, kona za digrii tisini, na mwishoni kabisa, kwa fahari, nikachora nondo ya arthi. Jioni moja baada ya ugali niliitandaza ramani mkekani mbele ya Mzee Sudi, mkewe Bi Mwajuma, na seremala aliyekuwa akibadilisha mbavu za boti. Mzee aliitazama sana. Akaweka kidole kwenye ile nondo. "Hii nini?" Nikamweleza kwamba kila mfumo wa umeme lazima uwe na nondo iliyochimbiwa ardhini, kwa usalama. Alikohoa. "Mwanangu Gervas, utaichimbia wapi? Ziwa hili hata Wazungu walishusha kamba mpaka wakachoka." Seremala alicheka akapaliwa, na Bi Mwajuma akajifunika uso kwa khanga. Na mimi nilicheka, maana nifanye nini. Lakini kesho yake asubuhi Mzee alipanda gari la dagaa kwenda kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, na alirudi na mwanamke.

Odeta alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mwembamba, na koleo moja tu ndani ya soksi ya mtoto. Mzee alikuwa amesikia kwamba kambini kuna mwanamke anayefufua redio zilizokufa, na alipomuuliza alijifunza wapi, alisema baba yake alikuwa akifunga umeme kwenye maboti ya uvuvi Kalemie, naye ndiye aliyekuwa akimshikia waya tangu utoto. Baba hakuvuka. Hilo alilisema mara moja tu, siku ya kwanza, na hakulirudia. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini cha wiki mbili, kina muhuri, na alikitunza kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Aliponisalimu aliniita Fundi. "Habari ya leo, Fundi." Angeniita mdogo wangu ningemvumilia. Fundi, kutoka kwa mtu aliyekuja kuchukua kazi yangu, lilinikera kuliko tusi.

Sikuwahi kuona mtu akipanga nyaya namna ile. Hakuomba karatasi. Alimwomba Bi Mwajuma bunda la mshipi, ule wa nailoni wa kuvulia, akaingia botini akaanza kuupitisha mahali ambapo waya utapita: kutoka kwenye benchi la nahodha, juu ya mbavu moja baada ya nyingine, mpaka puani, akirudi upande wa pili. Penye taa alipiga fundo moja, penye swichi mawili, penye fyuzi matatu. Fyuzi aliiita fizibo, na watoto wote wa mwaloni wakaanza kusema fizibo. Kwenye kila ubavu aliuacha mshipi ulegee kidogo, upana wa vidole viwili. Nilimwuliza kwa nini haunyooshi, na sauti yangu haikuwa ya kuuliza. Akanijibu bila kugeuka: "Nyumba inakaaka, Fundi. Boti inapumuaka. Ukifunga waya sana, itakata." Na kabla mshipi haujaingia mahali pa sanduku la fyuzi, aliushusha chini kisha akaupandisha tena, ili tone la maji likifuata waya liishie pale chini lianguke, lisiingie ndani. Nilielewa papo hapo kwamba yuko sahihi. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya kijicho, na watu hawaisemi: hakikupofushi. Kinakuonyesha vizuri sana uzuri wa kazi ya mwenzio, halafu kinakukataza kuukubali.

Kwenye sinia ndiko nilikoteseka zaidi. Kwa desturi ya nyumba ile wanaume tulikula barazani na wanawake walikula jikoni, lakini siku ya tatu Mzee aliita, "Odeta, njoo hapa tuongee kazi," na tangu siku ile sinia letu lilikuwa la watu watatu. Bi Mwajuma alipika migebuka kwa mawese, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, ambayo Odeta alimfundisha kuitwanga na bilinganya ndani yake, na Mzee akatangaza kwamba hajawahi kula sombe mpaka mwaka huu. Siku moja tuliletewa kuhe kutoka Ilagala, samaki mkubwa wa kuheshimiana. Kichwa cha kuhe pale nyumbani kilikuwa changu. Hakuna aliyewahi kulisema, lakini tangu nihamie, Mzee alikuwa akikimega na kukisukuma upande wangu wa sinia. Siku ile alikimega, akanitazama, akakisukuma kwa Odeta. "Kula mama, ulikuwa juani kutwa." Odeta alikigawa nusu akanirudishia. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa nina njaa mpaka masikio yanalia, na nilikaa pale nikichovya ugali mkavu kwenye mchuzi, nikiomba samaki wao awe na miiba mingi. Bi Mwajuma alikuwa na khanga moja imeandikwa Mwenye Wivu Ajinyonge. Wiki ile aliivaa siku mbili mfululizo, na nilikataa kuamini kwamba ni bahati tu.

Kazi ya seremala ilichelewa. Mbavu mbili mpya zilipasuka zikabidi zikatwe nyingine, na mianya yote ilikuwa bado haijazibwa kwa pamba. Kibali cha Odeta kilibakiza siku nne, na waya hata mmoja ulikuwa haujafungwa. Kule kwetu kazi ya boti inafuata mwezi: siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo maboti yanakaa nchi kavu watu wanarekebisha, na giza likianza kila mwenye boti lazima awe majini. Mzee alitaka boti lishuke giza linalofuata. Mkono wake ulikuwa mzito kuandika, kwa hiyo aliniita nimwandikie barua ya kuomba Odeta aongezewe muda. Nikaiandika kwa mwandiko wangu wa chuo, tarehe juu kulia, na Mzee akaweka sahihi yake kama mtu anayekwangua magamba. Alinikabidhi niipeleke Mwandiga, nimpe dereva wa lori la kambini ambaye alipita kila Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza chumbani, na juu ya ukuta usiofika darini nikasikia mazungumzo ya Mzee na mkewe. Bi Mwajuma alikuwa anasema, "Na huyu mtoto mwingine utampa nini? Usimvunje moyo." Kisha Mzee akakohoa. "Odeta ana mikono," alisema. "Gervas ana cheti."

Nililala chali nikikitazama kile cheti kwenye fremu. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka niliichukua barua nikaiweka katikati ya daftari langu la chuo, kwenye somo la arthi. Alhamisi nilikwenda Mwandiga kweli. Nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na barabara, nikaliona lori la kambini likija, nikaona dereva ameteremka kununua ndizi, hatua kumi kutoka nilipo, akapanda, akaondoka. Nikalipia chai yangu. Niliporudi Mzee aliniuliza, "Umempa?" Nikasema, "Nimempa, shikamoo." Sijui ile shikamoo ilitoka wapi, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Mwongo akiogopa huwa na adabu nyingi.

Odeta aliondoka siku ya mwisho ya kibali, hakutaka kuzidisha hata saa moja. "Waninyang'anye hiki, sitapata kingine," alisema. Aliamini kwamba barua imekwenda na kwamba baada ya wiki moja atarudi. Aliuacha mshipi wote botini, mafundo yote mahali pake, akaniambia, "Fundi, usiutoe. Nilindie hapo." Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mwezi ukazidi kupungua. Mzee akapanda tena gari la dagaa akaenda upande wa Kasulu kwa biashara zake, akarudi, akakaa barazani siku nzima na kikombe kimoja cha kahawa. Kesho yake akaniita. "Giza limefika. Odeta hatapata ruhusa mwezi huu. Funga wewe." Akanitazama zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ananipima kama nitaweza.

Ningeweza kufuata mshipi. Ulikuwa pale, kazi nzima imekwisha kufikiriwa, nilichotakiwa ni kuweka waya badala ya nailoni. Niliukunja ule mshipi siku ile ile, fundo kwa fundo, nikautia ndani ya debe. Nikafunga kwa ramani yangu, ukiondoa nondo. Nilitumia waya mgumu wa nyumba, wa uzi mmoja, kwa sababu unakubali kunyooka, na nikaupigilia kwenye kila ubavu kwa klipu mpaka ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipowasha, taa zote zikawaka kwa pamoja, na watu mwaloni wakapiga makofi. Wavuvi walipitisha mkono juu ya nyaya zangu wakisema zimenyooka kama mstari wa daftari. Jioni ile kichwa cha samaki kilirudi upande wangu wa sinia, nikakila chote mpaka macho.

Boti lilitoka mara mbili likarudi limejaa. Mara ya tatu, asubuhi, lilirudi likivutwa kwa kamba na boti la watu wa Ilagala. Nilikuwa mwaloni nimesimama na wanawake wa kuanika dagaa, na nilijua kabla hawajafika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiimba. Injini ilikuwa imetetemesha mbavu usiku kucha, boti likapumua kama linavyopumua, na waya wangu mgumu ukakatika penye klipu, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Taa zilizimika zote wavu ukiwa chini. Boti la Ilagala halikuwaona, likapita juu ya wavu, likauchana vipande viwili, na pua yake ikampiga nahodha, mdogo wake Mzee Sudi, Athumani, mtu wa mizaha aliyeniita Tanesko, kama lile shirika la umeme. Waliteremka naye amefungwa mkono kwa khanga ya mtu, kiwiko kimegeuka upande ambao kiwiko hakigeuki. Aliponiona akajaribu kutania. "Tanesko, umetukatia bila taarifa." Mkono ule haukunyooka tena mpaka anakufa, na alihamia kwenye kazi ya kuuza nyavu, akiwa amekaa.

Mzee hakunitukana. Nilisubiri kikohozi, hakikuja. Alisema tu, "Nenda kambini ukamwulize yule binti inavyofungwa." Nikaenda na barua ndani ya shati. Nia yangu, niiseme kama ilivyokuwa, ilikuwa kuipenyeza ofisini kimyakimya kama barua iliyochelewa njiani. Nilimkuta Odeta nje ya kibanda chake cha turubai, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Akanipa kigoda, akanimiminia chai kwenye kikombe pekee alichokuwa nacho, yeye akanywea kifuniko. Nilimweleza yote kuhusu waya, wavu na Athumani. Nilipofika mwisho nilijikuta nimeitoa barua nikampa. Sikupanga. Akaisoma pole pole, akarudi kwenye tarehe, mwandiko wangu mzuri, juu kulia. Hakushangaa. Hata hilo niliona ni kiburi: nikasema moyoni, ona, hata kukasirika na mimi haoni kama nastahili. Akaikunja, akaitia kwenye ule mfuko wa nailoni alimotunzia kibali. "Mshipi uliutupa?" aliuliza. Nikasema upo kwenye debe. "Basi kazi haijafa." Na kwa saa nzima, kwa kijiti mchangani, alinifundisha: waya laini wa nyuzi nyingi, usioshikwa kwa msumari bali kwa kitanzi, betri palipoinuka, chini ya benchi la nahodha, lisinywe maji, maungio ndani ya sanduku tu, na lile tone, mahali pa kuanguka.

Nilirudi nikaufungua mshipi, nikaurudisha fundo kwa fundo, nikafunga alivyosema. Taa zile zilidumu mpaka boti lenyewe likaoza. Odeta alipata ruhusa ya siku tatu miezi miwili baadaye, akaja kukagua, akavuta waya mmoja hapa na mwingine pale, akasema, "Sawa, Fundi," na Mzee akamkatia kichwa cha samaki. Baadaye vita kwao vikapoa akarudi Kalemie. Mimi nilikaa kwa Mzee Sudi mpaka mwaka ukaisha, kisha nikapata maboti mengine, ya Kibirizi, ya Katonga, mpaka watu wakaanza kunijua kama fundi wa taa za ziwani. Nimekula kwa kazi ile maisha yangu yote, na kila nilipoacha waya ulegee vidole viwili nilimkumbuka, na roho ikaniuma, kwa sababu kazi niliyosifiwa nayo ilikuwa yake. Habari ya barua sikumwambia mtu mwingine. Sikumwambia Mzee. Nilikuwa nikimtembelea kila Idi, namletea sukari, nakaa naye barazani, na kila mara nilisema leo nitamwambia, na kila mara aliuliza habari za watoto wangu.

Baada ya khitma, watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata Odeta pale uani alipokuwa anakausha masinia. Nilimwambia kwamba nimemkosea na kwamba Mzee amekufa bila kujua, na hilo ndilo linalonilemea. Aliendelea kufuta sinia. "Alijua," alisema.

Nikamwuliza Mzee alijuaje.

"Alikuja kambini mbele ya wewe kuja, boti haijafungwa bado. Aliingia ofisini, wakamwambia barua haikufika. Yule dereva wakamwita, akasema hakuna mtu alimpa kitu Mwandiga. Mzee akakaa kwenye kigoda changu, pale pale ulikaa wewe. Akaniambia, 'Mtoto wangu ana wivu. Akijua nimejua, atatoroka, hatarudi. Ukimwona, usimwaibishe.' Akaniapisha, Fundi. Miye mwenye kazi ilipotea, akaniapisha ju yako."

Aliliweka sinia juu ya mengine, akachukua lingine.

"Nilikasirika," alisema. "Nililia siku mbili. Si ju ya kazi. Baba yangu alibaki Kalemie, hata kaburi sijui. Nikasema, huyu kijana ananionea wivu ju ya kichwa cha samaki, na baba anaye, na hajui."